Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Mwenendo: Mwongozo wa Kichocho cha Uzazi

Mama mwenye binti, dada uliye kwenye ndoa yako, bibi unayeitwa kufunda wari: mwongozo huu ni wenu. Unajibu swali ambalo wanawake huulizana kwa kunong'ona, na mara nyingi huulizwa wakati mambo yameshaharibika. Je, ugonjwa alioupata mtoto wa kike akiwa darasa la pili unaweza kuja kumtesa kwenye uzazi akiwa na miaka 25 au 40?

Unaweza. Si kila ugonjwa, na huko mbele nitaeleza yapi hayapaswi kukunyima usingizi. Lakini kwa sisi wa ukanda huu, kuanzia Mto Mpiji, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini na bonde la Ruvu, wa kwanza kuufikiria ni kichocho.

Kichocho tumekizoea kama ugonjwa wa watoto wa shule. Mtoto anakojoa damu, anameza vidonge, mambo yanaisha. Wengi hawajaambiwa kwamba kwa mtoto wa kike mayai ya minyoo ya kichocho hayakai kwenye kibofu peke yake. Huenda pia kwenye uke, mlango wa kizazi, kizazi chenyewe na hata mirija, yakanasa humo kwa miaka. Hicho ndicho kichocho cha uzazi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 wenye hali hii katika Afrika kusini mwa Sahara, na wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la kinachowasumbua.

Kinavyomwingia mtoto

Ni saa nane mchana, shule imefungwa na jua ni kali. Wasichana watatu wameshuka bwawani na ndoo zao za lita 20. Sketi za bluu wamezikunja na kuzifunga kiunoni, maji yamewafika mapajani. Mmoja anasugua soksi za shule, mwingine anajimwagia maji kichwani. Pembeni, mdogo wao wa kiume anakojoa ndani ya maji kwa mchezo, huku wenzake wakicheka. Kwenye majani yaliyolala juu ya maji wamenata konokono wadogo wa kahawia, si wakubwa kuliko punje ya mahindi. Hakuna anayewajali.

Kila kinachohitajika kipo hapo. Kama huyo mvulana ana kichocho, mkojo wake unabeba mayai. Yai likigusa maji baridi yasiyo na chumvi hupasuka na kutoa kijidudu kinachomtafuta konokono. Ndani ya konokono kijidudu huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha konokono huachia viluwiluwi vingi visivyoonekana kwa macho, hasa jua likipanda kuelekea adhuhuri. Viluwiluwi hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache tu. Mtoto huenda akajikuna kidogo jioni, kesho yake ameshasahau.

Ndani ya mwili, viluwiluwi hupita mapafuni na kwenye ini, hukomaa na kuwa minyoo, kisha dume na jike huenda pamoja kukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na via vya uzazi. Huishi huko miaka 3 hadi 5 kwa kawaida, na wakati mwingine zaidi sana ya hapo. Jike hutaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo maana mkojo una damu. Mengine hayapati njia. Yananasa kwenye nyama.

Watu wa pwani tuzingatie jambo moja linalotuchanganya: bahari haina kichocho. Konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi, na mtoto akiogelea baharini hapati ugonjwa huu. Hatari ipo kwenye mabwawa, vijito, mifereji, majaruba ya mpunga, mashimo yaliyochimbwa mchanga yakajaa maji ya mvua, na madimbwi ya msimu. Wala dimbwi kukauka si dawa. Baadhi ya konokono wa pwani yetu hujifukia kwenye tope likikauka, wakakaa humo miezi, na mvua za masika zikinyesha wanafufuka na kazi inaendelea.

Kwa nini shida huja baadaye

Yai likinasa kwenye nyama ya mlango wa kizazi, mwili hulichukulia kama mwiba. Hulizingira, hupeleka kinga yake pale, na mahali hapo huvimba, huota mishipa midogo ya damu inayopasuka kwa urahisi, mwishowe hubaki kovu. Mganga akiangalia huona mabaka ya manjano yanayofanana na punje za mchanga. Yai lenyewe hufa, lakini ganda lake hubaki.

Hapo ndipo utoto na utu uzima vinapokutana. Msichana aliyekuwa akikoga bwawani akiwa na miaka 8, akahamia Tegeta kwa shangazi yake akiwa na miaka 14 na hajagusa bwawa tangu hapo, bado anaweza kuwa na makovu hayo akiwa na miaka 30. Minyoo inaweza kuwa imeshakufa na mkojo wake ukawa safi kabisa, lakini jeraha likabaki.

Jambo hili si geni kwa waganga. Minyoo ya kichocho iligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, na ndiyo sababu vitabu vya zamani viliuita ugonjwa huu bilhazia. Mwaka 1899, hukohuko Misri, daktari mwingine alieleza kichocho kilichoonekana kwenye uke wa mwanamke. Ni zaidi ya miaka 120 sasa. Kilichokosekana muda wote huo ni kuwafikishia habari wanawake wenyewe.

Habari muhimu kuliko zote ilitoka Zimbabwe. Watafiti waliwachunguza wanawake wa vijijini na kuona kwamba waliotibiwa kichocho kabla ya kufika miaka 20 walikuwa na mabaka machache na kutokwa damu kwa nadra kuliko ambao hawakutibiwa mapema. Waliotibiwa wakiwa watu wazima, mabaka mengi yalikuwa bado yapo hata mwaka mzima baada ya dawa. Vidonge anavyomeza mtoto wa darasa la tatu leo vinalinda kizazi cha mama wa kesho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa unazibwa kwa vidonge vya siku moja.

Dalili za kuangalia

Kwa mtoto, dalili kubwa ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Mwambie akojoe kwenye kopo jeupe, uangalie mwishoni. Nyingine ni maumivu wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, tumbo kuuma chini ya kitovu, uchovu na upungufu wa damu. Msichana mdogo anaweza kuwa na muwasho au majimaji yenye damu sehemu za siri. Hapa mama wengi hukosea: wanaona damu kwenye chupi ya mtoto wa miaka 10 wanadhani amevunja ungo mapema. Hedhi huja kwa siku kadhaa na kukatika kwa wiki. Damu ya kichocho huja na mkojo au majimaji, na haina mwezi.

Kwa mwanamke mzima, angalia haya: damu wakati wa tendo la ndoa au baada yake, maumivu wakati wa tendo, uchafu usioisha wenye rangi au damu, muwasho na kuungua, maumivu ya kiuno na chini ya kitovu yanayokuja na kuondoka, mkojo kuvuja unapokohoa au kubeba ndoo. Makovu yakifika kwenye mirija yanaweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Wapo pia wanawake wasio na dalili yoyote.

Madhara hayaishii hapo. Kichocho kikikaa muda mrefu kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiweka kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa. Na katika utafiti mmoja wa Zimbabwe, wanawake wenye kichocho cha uzazi walionekana kuwa na virusi vya UKIMWI karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Tafiti za baadaye hazikutoa jibu moja, lakini sababu ya kuhofia ni rahisi kuielewa: ngozi yenye michubuko na damu huacha mlango wazi.

Uliza maji kwanza

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 27 aliyeolewa miaka minne iliyopita. Anatokwa uchafu, na kila baada ya tendo la ndoa anaona damu. Duka la dawa la kwanza wamemwambia ni fangasi. La pili wamemwambia UTI sugu. Zahanati wamempa dawa za magonjwa ya zinaa yeye na mumewe. Ametumia zote, hali imerudi. Mume anaanza kuhesabu siku ambazo mkewe alikwenda kwao msibani. Mawifi wanasema mengine. Mimba haiji, na sasa kuna mazungumzo ya mke wa pili. Mwanamke mwenyewe, ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine, anaanza kujiuliza amekosea wapi.

Alikosea wapi? Alitumwa maji bwawani akiwa na miaka 7, akaenda.

Dalili za kichocho cha uzazi zinafanana mno na za magonjwa ya zinaa, lakini kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mke hampi mume, mume hampi mke. Kila mmoja hukipata kwenye maji. Mume naye aliyekulia bwawani anaweza kuwa na mayai kwenye viungo vyake vya uzazi, akaona damu kwenye shahawa, na hilo pia si ushahidi wa uzinzi.

Kwa hiyo, mume, mama mkwe, wifi, mtoa huduma wa afya: mwanamke akija na dalili hizi, uliza maji kabla ya kuuliza mwenendo. Alikulia wapi? Alichota maji wapi? Alikuwa akifua wapi? Aliwahi kulima mpunga? Maswali hayo manne yanaweza kuokoa ndoa.

Simaanishi magonjwa ya zinaa yapuuzwe. Yapo, na mtu anaweza kuwa nayo pamoja na kichocho. Pimwa yote. Ninachosema ni kwamba dawa ya zinaa ikirudiwa mara mbili au tatu bila nafuu, hiyo ni sababu ya kutafuta kitu kingine.

Ukienda kwenye zahanati au hospitali

Usiende na dalili peke yake, nenda na historia yako. Watoa huduma wana foleni ndefu, na wasipoambiwa habari ya bwawa hawawezi kuikisia. Sema wazi, kwa mfano hivi:

"Nesi, nimekulia kijijini, tulikuwa tunachota maji bwawani na kuoga humo. Utotoni niliwahi kukojoa damu. Nimetibiwa UTI na fangasi mara tatu na hali inarudi. Naomba niangaliwe pia kichocho cha uzazi."

Kipimo cha kwanza ni mkojo. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo usibebe mkojo wa alfajiri kutoka nyumbani. Nenda ukakojoe palepale muda huo, tembea kidogo kwanza, na hakikisha matone ya mwisho yameingia kwenye kopo, kwa sababu ndiyo yenye mayai mengi.

Jua pia kwamba kwa mwanamke mzima mkojo usio na mayai hauondoi kichocho cha uzazi. Minyoo inaweza kuwa imekufa au imepungua huku makovu yakibaki. Hapo kinachohitajika ni kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kifaa maalumu na mtu anayejua mabaka hayo yanavyoonekana. Nafasi nzuri ya kufanya hivyo ni unapokwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupakwa siki. Mganga ameshafungua, taa ipo, anaangalia palepale. Mwombe aangalie na mabaka ya kichocho. Kama kituo cha karibu hawana huduma hiyo, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya Bagamoyo au hospitali nyingine yenye daktari wa magonjwa ya wanawake.

Kwa binti ambaye hajajamiiana, kifaa hicho hakitumiki. Bikira haguswi. Akiwa na dalili na historia ya maji, mkojo na maelezo yake vinatosha kuanza tiba. Basi mama asimfiche binti nyumbani kwa hofu ya kipimo.

Dawa

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Humezwa siku moja, na kipimo hutokana na uzito: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Shuleni hutumia fimbo ya kupimia urefu ili kukadiria idadi ya vidonge. Mtoto ale chakula kwanza, kwani ukimeza na tumbo tupu kichefuchefu huwa kikali. Kizunguzungu, tumbo kuuma au kutapika kwa saa chache ni jambo la kawaida na hupita. Hii ndiyo habari ya kuwapa wazazi wanaowaficha watoto siku ya kugawa dawa shuleni kwa sababu ya uvumi. Mtoto aliyetapika siku ya dawa mara nyingi ni yule aliyekuja bila kula.

Mweleze mtoa huduma mapema kama mgonjwa ana kifafa, au kama ni mjamzito, ili aamue wakati wa kutoa dawa. Shirika la Afya Duniani halimnyimi mjamzito dawa hii baada ya miezi mitatu ya kwanza, na anayenyonyesha pia hupewa. Tangu Februari 2022 shirika hilo linapendekeza tiba kwa watoto kuanzia miaka 2 na kwa watu wazima walioko kwenye maeneo yenye kichocho, si wanafunzi tu. Kwa watoto wadogo kabisa imetengenezwa dawa inayoyeyuka majini, iliyopata kibali cha wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa 2023. Uliza kama imeshafika kwenye kituo chako.

Elewa mipaka ya dawa. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui michanga, na haifuti makovu yaliyokwishajengeka. Ndiyo maana mtu aliyeingia majini hivi karibuni anaweza kuhitaji kurudia baada ya wiki kadhaa, na anayerudi bwawani kila siku atahitaji dawa tena mwaka ujao. Kwa mwanamke mwenye makovu ya zamani dawa bado ina faida: inazuia mayai mapya ili jeraha lisiongezeke. Yaliyobaki, kama ugumba au damu isiyokoma, yanahitaji daktari wa wanawake kwa hatua zake. Mtu akikuahidi kwamba dawa ya kienyeji ya kujiweka ukeni itasafisha kila kitu, kataa. Ngozi ile tayari ina jeraha, na kuichoma kwa majani au unga ni kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Nyumbani na kwenye maji

Huwezi kumfungia mtoto ndani, na pale bomba linapokauka maji lazima yatoke mahali. Lakini unaweza kupunguza hatari kwa mambo ya kawaida.

Panga zamu ya maji asubuhi mapema, si adhuhuri. Si kinga kamili, ila viluwiluwi huwa vichache kabla ya jua kupanda.

Fanya kazi ya maji ikufuate nchi kavu. Chota kwa ndoo yenye kamba, fua na kuoga ukiwa juu, mbali na bwawa. Mguu usioingia majini hauingiwi.

Acha maji ya kuoga yakae kwenye pipa safi lenye mfuniko, lisilo na konokono wala majani, kwa siku mbili kamili kabla ya kuyatumia. Viluwiluwi havina chakula, na ndani ya saa 48 vinakuwa vimekufa. Ukichemsha, huna haja ya kusubiri. Kujifuta kwa nguvu na taulo baada ya kutoka majini kunasaidia kidogo, lakini usikutegemee.

Mkulima wa mpunga avae buti za mpira ikiwezekana, na aende kupimwa kila mwaka hata asipoumwa.

Fundisha watoto, wa kiume hasa, kutokojoa majini. Bila mkojo wenye mayai, konokono hana cha kusambaza. Shule isiyo na vyoo vinavyofaa inazalisha kichocho, na kamati ya shule ilibebe hilo kwenye kikao chake kama inavyobeba habari ya madawati.

Kwamba inawezekana kukipunguza kichocho, tunajua kutoka kwa jirani zetu. Kuanzia mwaka 2012 Unguja na Pemba waligawa dawa mara mbili kwa mwaka shuleni na vijijini, wakawashambulia konokono kwenye mabwawa, na katika baadhi ya shehia wakajenga sehemu za kufulia na vyoo vya kukojolea, watoto wakafundishwa kwa michezo. Kichocho kilichokuwa kikiwapata watoto wengi miaka ya 1980 kilishuka hadi asilimia ndogo katika sehemu nyingi za visiwa. Palipobaki vimelea kilirudi haraka dawa ilipoachwa, na hilo nalo ni somo: hii ni kazi ya kila mwaka.

Kwako kungwi na somo

Wazaramo, Wakwere na jirani zao wa Bagamoyo bado wana hazina ambayo zahanati haina: saa za faragha na mwali. Binti akivunja ungo, kuna mwanamke mzima anayemweleza mwili wake bila aibu. Anamfundisha usafi, heshima, mambo ya ndoa. Bibi, ongeza maswali mawili kwenye mafunzo yako. "Mwanangu, umewahi kukojoa damu?" Na, "Mlikuwa mkioga wapi?" Akijibu ndiyo na bwawani, mwambie mama yake ampeleke akapimwe kabla ya kutoka ndani. Ukifanya hivyo, umempa mwali zawadi kubwa kuliko kanga.

Mfundishe pia kwamba damu baada ya tendo, akiwa ameshazoea ndoa, si jambo la kuvumilia. Mficha uchi hazai, na maneno hayo hapa ni kweli kwa maana yake ya kwanza kabisa.

Maradhi mengine ya utotoni

Baada ya kichocho, yapo mengine ya kuyajua kwa kifupi.

Kifua kikuu kinaweza kumwingia mtoto mapafuni, kikalala, kisha kikasafiri kwa damu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba miaka baadaye. Mwanamke asiyepata mimba, mwenye hedhi haba au iliyokatika, aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, amweleze daktari hilo. Dawa zake hutolewa bure nchini, na mtoto wako mchanga asikose chanjo ya BCG.

Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida hupatikana ukubwani, lakini kinga yake ni ya utotoni. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Siku ya chanjo binti awe shuleni.

Matubwitubwi huweza kuvimbisha mifuko ya mayai ya uzazi kwa msichana aliyekwisha balehe, lakini ni nadra sana kumfanya mgumba. Muwasho wa watoto wadogo unaotokana na minyoo ya usiku, sabuni kali au kujisafisha kutoka nyuma kwenda mbele hutibika na hauharibu kizazi. UTI ya mtoto nayo itibiwe mapema kwa ajili ya figo zake, lakini haizibi mirija.

Moja usilinyamazie. Mtoto mwenye usaha sehemu za siri, au aliyepimwa na kukutwa na kisonono au kaswende ambayo hakuzaliwa nayo, huenda amefanyiwa ukatili. Usimfokee wala usimwogeshe kuficha. Mpeleke hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Wiki hii

Kama una binti aliyewahi kuingia bwawani au jarubani, mwangalie mkojo Jumamosi hii saa sita mchana, kwenye kopo jeupe, matone ya mwisho. Ukiona wekundu, Jumatatu mpeleke zahanati, na wadogo zake na kaka zake waende pamoja naye, kwa sababu walioga maji yaleyale. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyekulia bwawani, na kuna jambo ulilolinyamazia kwa miaka, liseme kwa nesi kwa maneno yale niliyokuandikia hapo juu. Hukumkosea mtu. Ulitumwa maji, ukaenda.